Mlingoti Mmoja, Wifi Wawili

Mume wangu ana maradhi ya kukubali. Ukimwomba nyundo, sawa. Ukimwomba akuchomelee geti leo umlipe mwakani, sawa. Mtaani wamemwita Bwana Sawa mpaka jina lake halisi limebaki kwenye kitambulisho tu. Hata siku ya posa mama yangu alimuuliza, "Huyu binti ana mdomo, utamweza?" Akajibu, "Sawa." Mama alicheka, nikaolewa.

Kwa hiyo asubuhi ile nilipopanda juu ya paa kuanika nguo, nikauona mlingoti aliokuwa akiuchomelea kwa ajili ya redio yetu, nikaona una vishikio viwili vya antena, nilisimama na shuka lenye maji mkononi. Kikundi chetu kilikuwa na antena moja tu.

"Hiki cha pili cha nini?" nilimuuliza.

Alikuwa amepiga magoti, miwani yake myeusi ya kuchomelea ameipandisha kwenye paji la uso.

"Cha akiba."

"Akiba ya nini? Antena huzaa?"

Akaishusha miwani machoni, ingawa hakuwa anachomelea chochote. Hapo nikajua kuna jambo, na nikajua halitakaa siri, kwa sababu Bwana Sawa akificha kitu, masikio yake huanza kucheza yenyewe.

Lakini nianze na redio yenyewe. Mimi ndiye ninayeshika ufunguo wa bomba la maji la mtaa, na watu huniita Mama Bomba. Maji yetu ni ya zamu. Leo upande wa juu, kesho upande wa chini, na zamu hubadilika bila taarifa pampu ikiugua au umeme ukikatika. Wa juu hukesha na ndoo zao bure, na wa chini huamka na kukuta maji yanajimwagia mtaroni. Nimepita mlango kwa mlango kutangaza zamu mpaka viatu vyangu vimelika upande mmoja. Siku niliposikia kwamba ofisi ya leseni imefungua dirisha la maombi ya redio za nguvu ndogo, zile zinazosikika kilomita chache tu na hupewa vikundi vya jamii visivyotafuta faida, nilikaa chini nikashukuru. Dirisha hilo halifunguliwi ovyo. Mara ya mwisho lilipofunguliwa kitinda mimba wangu alikuwa hajazaliwa, na sasa ananyoa ndevu.

Kikundi chetu cha watumiaji wa maji kikaomba. Paa letu ndilo lililo juu kuliko yote mtaani, kwa hiyo mwenye paa akaombwa kibali, akasaini. Sawa.

Jambo ambalo sikulijua ni kwamba wiki hiyohiyo dada yake naye alikuja.

Huyu wifi yangu ni mwalimu. Jioni huwafundisha watu wazima kusoma na kuandika, katika darasa la nyuma la shule ya msingi. Wanafunzi wake wana vibanda vya kufunga, wana watoto wa kulisha, wana wagonjwa wa kuuguza, na nusu yao hawafiki darasani. Alitaka masomo yawafuate huko waliko. Siwezi kusema ni wazo baya. Ningeweza, ningesema.

Zamani tulikuwa kikundi kimoja. Yeye mwenyekiti, mimi katibu. Kisha ukaja mkutano ule ukumbini. Nilikuwa nimesimama na kipaza sauti, naeleza jinsi watu fulani wanavyofungulia maji nje ya zamu, na nilikuwa nimefika pale hasa palipo na utamu, sauti ikakatika. Nilidhani umeme umekwenda. Nikageuka. Wifi yangu alikuwa amesimama ukutani na plagi mkononi, kama mtu aliyeng'oa karoti.

"Muda wako umekwisha," alisema, bila kipaza sauti, na ukumbi mzima ukasikia.

Labda nilikuwa nimepitiliza. Kidogo. Lakini mtu hung'olewa plagi mbele za watu kama pasi? Siku ile kikundi kikagawanyika, wa maji huku, wa masomo kule, na mimi na wifi yangu hatukusemezana tena kwa miaka mitatu. Sherehe za ukoo yeye hukaa upande wa chakula, mimi upande wa vinywaji. Mume wangu hushinda akitembea katikati.

Basi tuyaache hayo. Siku chache baada ya kuuona mlingoti, simu ikaita. Sauti ya mwanamume, tulivu, ya mtu aliyezoea kukataa.

"Mama, kuna maombi mawili hapa. Paa moja, mlingoti mmoja, saini ya mwenye nyumba moja, na jina la ukoo moja. Kikundi kimoja hakiruhusiwi kuomba mara mbili kwa majina mawili ili kijiongezee bahati. Ni udanganyifu, na yote mawili hutupwa. Njooni Alhamisi mjieleze, wote."

Nilimwita mume wangu. Nilimwita kwa jina lake halisi, akajua jambo limekuwa kubwa.

"Dada alikuja akaniomba," alisema, akiangalia vidole vyake vya miguu. "Nikamwambia sawa."

"Na mimi ulikuwa umeshaniambia sawa."

"Ndiyo. Wewe ni mke wangu."

"Njia mbili zilimshinda fisi, wewe ungeweza?"

Kisha akasema kitu ambacho kilinichoma kidogo. "Nilifikiri mlingoti ukiwa mmoja, mtalazimika kuonana."

Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na hofu kubwa. Nikitupwa safari hii, dirisha likija kufunguliwa tena nitakuwa bibi wa kushikwa mkono, na watu wa juu wataendelea kukesha na ndoo zao.

Alhamisi tulifika ofisini, ghorofa ya pili, korido yenye harufu ya rangi mbichi na benchi moja la mbao. Wifi yangu alikuwa ametangulia. Alikuwa amevaa gauni lake la bluu la siku za mitihani, na begi amelipakata. Mume wangu akakaa katikati. Benchi lilikuwa fupi, mabega yake yakawa yamebanwa na wanawake wawili ambao kila mmoja anatazama ukuta wa upande wake.

Tukaitwa. Afisa wa leseni alikuwa mtu mwembamba, miwani ameifunga kamba shingoni, na mezani amelaza mafaili mawili yakiwa wazi.

"Sababu ya kuwaita mnaijua," alisema. "Sasa nimeona zaidi. Hata katiba za vikundi zinafanana, kuanzia kifungu cha kwanza hadi cha mwisho. Ninyi ni kikundi kimoja."

Katiba kweli zilifanana, maana ni ile ya zamani. Kila upande uliondoka nayo, kama ndugu wanaohama na kila mmoja kuchukua picha ileile ya baba.

Hapo mume wangu, Mungu amsamehe, akataka kutusaidia.

"Mheshimiwa," alisema, huku akitabasamu kwa meno yote, "hawa ni wifi. Wanapendana sana. Ni kitu kimoja hawa."

Afisa akachukua kalamu. Nilimwona akiielekeza kwenye faili la kwanza, mahali pa kukataa.

"Wanapendana nani?" alisema wifi yangu.

"Wifi—" nilianza. Nilitaka kumnyamazisha, lakini neno hilo lilikuwa halijatoka mdomoni mwangu kwa miaka mitatu, likatoka na vumbi lake lote.

"Usiniite wifi leo kwa sababu ya leseni. Mheshimiwa, mimi nyumbani kwa huyu sijanywa hata maji."

"Ungekunywaje, ungeogopa yasije yakawa ya zamu ya wengine."

"Unaona? Unaona mdomo huu? Nilimpa dakika kumi azungumze, akazungumza mpaka watoto wakalala mapajani."

"Nilikuwa nasema habari za maji."

"Ulikuwa unasema habari za majirani zangu, mmoja mmoja, kwa majina."

"Walikuwa wanaiba maji."

"Ndiyo uwataje na rangi za ndoo zao?"

"Na wewe ndiyo uning'olee plagi kama pasi?"

Sijui tuliendelea muda gani. Ninachojua ni kwamba mlango ulifunguka, akaingia karani kuazima stepla. Kisha akaja wa pili kuazima stepla ileile. Wa tatu hakujisumbua hata kutaja stepla, alisimama tu. Afisa alijaribu kuuliza kuhusu katiba.

"Yangu," alisema wifi. "Niliitunga mimi, yeye kaondoka nayo."

"Niliiandika mimi kwa mkono wangu, yeye alikuwa anaisoma tu kwa sauti nzuri."

Mume wangu alikuwa amefunika uso kwa kofia yake.

Afisa akaweka kalamu chini. Akavua miwani, ikaning'inia kifuani, akajifuta macho, na ndipo nikaona kwamba mabega yake yanatikisika.

"Inatosha, mama zangu," alisema. "Nimeshaona watu wakija hapa wamejifunza kugombana ili niamini. Huwa wanapokezana vizuri, huyu akisema yule ananyamaza. Ninyi hamjajifunza. Hivi ni vikundi viwili, nimeridhika."

Nilishusha pumzi ndefu mpaka kiti kikalia. Ugomvi ambao ulitutia aibu miaka yote hiyo, uliowafanya watoto wetu wasalimiane kwa siri, ndio uliotuokoa. Nilimtazama wifi yangu kwa pembe ya jicho. Naye alikuwa anajipepea kwa bahasha, na mdomo wake ulikuwa unakataa kucheka.

"Lakini msishangilie mapema," afisa aliendelea, baada ya kuwafukuza wenye stepla. "Nafasi iliyobaki hewani kwa eneo lenu ni moja. Na yuko mwombaji wa tatu, ng'ambo ya barabara kuu, kikundi cha siku nyingi, alama zake ni nzuri. Kila mmoja wenu akisimama peke yake, anawapita."

"Vita vya panzi," alisema mume wangu ndani ya kofia.

"Sasa tufanyeje?" nikauliza.

Akatueleza bila haraka. Tungeweza kushindana na kushindwa, hilo halina kizuizi. Mmoja wetu angeweza kujitoa amwachie mwenzake. Hapo kila mmoja alitazama dari. Tungeweza kuungana tena tuwe kikundi kimoja.

"Hapana," tulisema mimi na wifi kwa pamoja, na hilo lilikuwa jambo la kwanza tulilokubaliana tangu plagi.

Kulikuwa na mtandao, ambao hauhitaji leseni yake, ila kila msikilizaji atahitaji simu ya maana na bando, na watu wangu wa juu redio zao ni za betri, zimefungwa kwa mpira. Kulikuwa na kukodi kipindi kwenye kituo kikubwa, na hapo hatupewi ila saa ambayo wao wenyewe hawaitaki.

"Au mgawane saa," alisema. "Vikundi viwili, masafa yaleyale, mlingoti uleule. Huyu akizima, yule anawasha. Mkikubaliana kwa maandishi kabla ya mwisho wa mwezi, alama zenu zinajumlishwa, na huyo wa tatu hawapiti. Msipokubaliana, mimi sina la kuwasaidia."

Tukatoka. Kwenye ngazi nilisimama, na yeye akasimama, ngazi tatu chini yangu. Mume wangu katikati.

"Mwambie dada yako," nilisema, "mimi nahitaji alfajiri."

Akageuka. "Dada, anahitaji alfajiri."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie mkeo wanafunzi wangu wanatoka kazini jioni. Alfajiri ataifanyia nini mwalimu?"

"Anasema—"

"Mwambie jioni naye aichukue, ila kuna siku pampu huharibika mchana, nitahitaji mpaka saa kumi."

"Mwambie saa kumi iwe saa kumi. Isiwe saa kumi ya mdomo wake."

Mume wangu alinitazama mimi, akamtazama dada yake. Akavaa kofia vizuri.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini?" nikauliza.

"Sisemi. Semezaneni wenyewe. Mimi nimechoka." Akashuka ngazi moja baada ya nyingine, akatoka nje, na hakugeuka.

Tulibaki tunautazama mlango. Wifi yangu ndiye aliyeanza.

"Amesema nini huyu?"

"Amesema hapana."

"Nimemlea mgongoni. Sijawahi kumsikia akilisema neno hilo."

"Mimi nimezaa naye wanne."

Akacheka. Alianza kwa pua, akajizuia, kisha akashindwa, akashika reli ya ngazi. Nami nikashikwa na kicheko hichohicho, nikakaa chini pale kwenye ngazi za serikali na gauni langu la heshima. Wale makarani wakachungulia tena, wakaona wale waliokuwa wanataka kuumana sasa wanafutana machozi, na nadhani walitushangaa zaidi. Mkataba tuliuandika hapohapo, kwenye benchi fupi. Alfajiri hadi saa kumi jioni mimi, saa kumi hadi usiku yeye. Mume wangu tulimkuta nje ameegemea nguzo, anakula karanga, uso umemtulia kama wa mtu aliyelipa deni.

Leseni ilitoka. Siku ilipofika nililia, nasema wazi, nililia juu ya sinki la vyombo.

Kwenye paa tulijenga kachumba. Ukutani tulibandika trei za mayai ili sauti isirudi, mlangoni tukatundika blanketi, na antena ikakaa kwenye kishikio kimoja. Cha pili tukaanikia matambara. Umeme ulipanda kwa waya kutoka karakana yetu ya kuchomelea iliyo chini, na soketi yake ilikuwa mbovu, plagi inacheza ndani kama jino la mtoto. Nilimwambia mume wangu airekebishe. Akasema sawa, kwa hiyo nikajua si leo.

Siku ya kwanza mtambo ulikuwa tayari mchana. Niliketi, taa nyekundu ikawaka, nikawasalimu watu wangu na sauti ikatoka imenyooka kuliko nilivyotegemea. Karibu na saa kumi pampu ikaharibika. Sikupanga, pampu haikujua kama ni siku ya ufunguzi. Fundi wa pampu akanipigia kwamba zamu inageuka: maji yaliyokuwa ya upande wa chini kesho yanapelekwa juu leo hii, jioni hii, kwa muda mfupi. Nikaanza kutaja, njia kwa njia, nani afungue lini, nani asifungue. Ujumbe ukaanza kuingia kwenye simu, huyu anauliza, yule hajasikia vizuri, narudia.

Blanketi likasogezwa. Wifi yangu akaingia na kitabu chake cha kufundishia, akakaa kwenye stuli karibu na ukuta. Nikatazama saa. Saa kumi ilikuwa imepita. Haikuwa imepita kidogo.

Nikaharakisha. Nilikuwa bado na njia zote za juu kabisa, wale wa redio za betri, wale hasa ambao kwa ajili yao nilihangaika yote haya. Nikamwona anainama. Mkono wake ukashuka taratibu kuelekea kwenye soketi.

Moyoni nilisema, ana haki, ni saa yake, ina muhuri. Na bado niliona ukumbi ule, na nyuso zile, na nikangoja sauti yangu ife.

Taa nyekundu haikuzimika.

Nikageuka. Alikuwa amechuchumaa, gauni la bluu limefagia sakafu, dole gumba limeikandamiza plagi ukutani, na mwili wote umeegemea hapo.

"Imelegea," alisema kwa midomo tu, bila sauti. "Endelea."

Niliendelea. Sijui nilivyoendelea, lakini nilitaja njia zote, mpaka ile ya mwisho yenye nyumba tano. Kupitia dirisha nilisikia, mbali huko juu, ndoo zikigongana. Kisha nikasema hewani, "Hapa wa maji naishia. Samahani kwa kupitiliza. Sasa namkaribisha wifi yangu."

Akanyoosha mkono mwingine kuchukua kipaza sauti, akakumbuka kwamba akiondoka pale chini redio itazimika. Tukatazamana. Nikaondoka kwenye kiti, nikachuchumaa, nikaweka dole gumba langu pale lilipokuwa lake, na yeye akaenda kukaa.

"Wanafunzi wangu," alianza, "fungueni ukurasa wa kwanza."

Nikaishika plagi mpaka somo likaisha.